Falcao na hukumu ya haraka ya vijiweni

KILA dirisha la usajili linapofunguliwa, kuna majina ambayo vijiweni yanatajwa kama mfano wa hasara. Jina la Radamel Falcao ni mojawapo. Straika mwenye jina kubwa akitua klabuni, akacheza mechi tano bila kucheka na nyavu, hakosi shabiki wa kusema huyo ni Falcao mwingine, na kijiwe kizima kinaangua kicheko.

Kicheko hicho kina sababu yake. Mashabiki wengi wa Afrika Mashariki walimfahamu Mcolombia huyo kupitia Ligi Kuu England, wakiwa wamebanana kwenye vibanda umiza siku za wikiendi. Walichokiona huko kilikuwa msimu mmoja Manchester United na mmoja Chelsea. Mechi 36 za ligi, mabao matano. Kwa mtu aliyetangazwa kama mmoja wa wafungaji hatari zaidi duniani, hesabu hiyo haina utetezi.

Lakini ukiichukua misimu hiyo miwili ukaifanya kuwa hukumu ya maisha yote ya mchezaji, umekosea. Na kosa hilo linafaa kuzungumzwa, kwa sababu ndilo linalorudiwa kila mwaka kwenye viwanja vya hapa: mchezaji anapimwa kwa kipande kifupi cha safari, anaitwa garasa, anafunguliwa mlango, halafu anakwenda kung'ara kwingine huku waliomfukuza wakibaki midomo wazi.

Safari ya Falcao ni ndefu. Imepita Colombia, Argentina, Ureno, Hispania, Ufaransa, England na Uturuki, ikarudi Hispania na kuishia nyumbani Colombia. Anayetaka kumhukumu aipitie yote kwanza.

JINA LA KURITHI

Falcao alizaliwa Februari 10, 1986 Santa Marta, mji wa pwani ya Karibi kaskazini mwa Colombia. Baba yake, Radamel García, alikuwa beki wa soka la kulipwa. Mzee huyo alikuwa akimhusudu kiungo wa Brazil, Paulo Roberto Falcão, ndiyo maana mtoto akapewa jina hilo. Kazi ya baba ilikuwa ya kuhamahama, na familia ikaishi pia Venezuela, nchi ambayo besiboli inapendwa kuliko soka. Dogo akacheza huo mchezo pia.

Mpira wa miguu ndio ulioshinda. Mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 13 tu, aliingizwa uwanjani na Lanceros Boyacá, timu ya daraja la pili Colombia. Umri ambao wenzake walikuwa wakihangaika na masomo ya shule, yeye alikuwa anagongana na mabeki wenye ndevu. Alicheza mechi chache tu pale, lakini zilitosha kuonyesha kwamba kuna kitu.

Akiwa na miaka 15 akahamia Argentina, kwenye akademi ya River Plate ya Buenos Aires. Huko ndiko lilikopatikana lile jina la El Tigre, yaani chui milia. Mwaka 2005 akapandishwa timu ya wakubwa na kuanza kupachika mabao kwa kasi iliyowashangaza wenyeji wenyewe.

Ndipo goti likagoma. Ligamenti ya goti la kulia ilimweka nje kwa muda mrefu mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 20. Hapo ndipo vipaji vingi huishia. River haikumtupa. Ilimsubiri, akarudi taratibu, na mwaka 2008 akatwaa ubingwa wa Clausura chini ya kocha aliyeitwa Diego Simeone. Wawili hao walikuwa wanakutana kwa mara ya kwanza, haikuwa ya mwisho.

Jambo hilo la River liwekwe akilini. Goti la kwanza lilipata muda na subira, na matunda yake yakaja kuvunwa na klabu nyingine mbili za Ulaya.

MIAKA MINNE YA MOTO

Mwaka 2009 Porto ya Ureno ikamchukua kuziba nafasi ya Lisandro López aliyekuwa ametimkia Lyon. Ada haikuwa ya kutisha. Wala hakupelekwa moja kwa moja kwenye ligi kubwa kuliko zote. Porto ni klabu inayojua kuwapokea Wamarekani Kusini, kuwafundisha soka la Ulaya na kuwauza kwa faida.

Msimu wa kwanza alifunga mabao 25 ya ligi. Msimu wa pili, 2010/11, chini ya kocha kijana André Villas-Boas, Porto ilimaliza ligi bila kupoteza mechi hata moja, na Falcao akaweka rekodi ya mabao 17 katika msimu mmoja wa Ligi ya Europa. Rekodi ya awali ilikuwa ya Mjerumani Jürgen Klinsmann, mabao 15. Villarreal peke yao walitandikwa manne na mtu mmoja katika nusu fainali ya kwanza. Fainali ilichezwa Dublin dhidi ya Braga, ikaisha 1-0. Mfungaji ni yeye, kwa kichwa.

Atlético Madrid ilikuwa imempoteza Sergio Agüero aliyekwenda Manchester City. Agosti 2011 ikatoa euro milioni 40 kumleta Falcao. Miezi michache baadaye Simeone akatua kama kocha, na wale wawili wa River wakakutana tena.

Kilichofuata kinapaswa kusimuliwa polepole kwa wale wanaolijua jina la Falcao kupitia England tu. Mei 2012, fainali nyingine ya Ligi ya Europa, Bucharest, Atlético 3 Athletic Bilbao 0. Mawili ya Falcao. Agosti 31 mwaka huohuo, mechi ya Super Cup ya Ulaya dhidi ya Chelsea iliyokuwa bingwa wa Ulaya: alifunga matatu kabla ya mapumziko na mechi ikaisha 4-1. Desemba, Deportivo La Coruña wakachapwa 6-0, na matano kati ya hayo yakatoka kwa mtu mmoja. Mei 2013, fainali ya Kombe la Mfalme ndani ya Bernabéu, Falcao akampa Diego Costa pasi ya bao la kusawazisha, na Atlético ikaifunga Real Madrid 2-1. Ilikuwa imepita miaka 14 bila kuwafunga majirani hao.

Misimu miwili Porto, mabao 72 katika mechi 87. Misimu miwili Atlético, mabao 70 katika mechi 91. Jumla ni mabao 142 katika mechi 178. Kwa miaka hiyo minne, ndani ya boksi, ni wachache mno waliokuwa wakimfikia. Alikuwa hana mbio za kutisha wala chenga za kuchezea watu. Alichokuwa nacho ni ule ujuzi wa kufika sehemu sahihi nusu sekunde kabla ya beki, na kichwa kilichokuwa kinaruka juu ya watu waliomzidi urefu.

GOTI LA PILI

Mwaka 2013 Monaco, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu Ufaransa kwa fedha za tajiri wa Kirusi, Dmitry Rybolovlev, ikamnunua kwa dau lililotajwa kufikia euro milioni 60. Wengi walihoji: straika wa daraja hilo anakwendaje timu isiyocheza hata michuano ya Ulaya? Swali lilikuwa halali. Hapa panapaswa kusemwa ukweli bila kupepesa macho kwamba hatua zote za nyuma zilikuwa za kupanda ngazi, na hii ndiyo ya kwanza iliyoonekana kufuata fedha kuliko mpira.

Oktoba mwaka huo, Barranquilla, Colombia ilikuwa nyuma 3-0 mbele ya Chile katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Mechi ikaisha 3-3. Falcao alifunga penalti mbili, na Colombia ikafuzu fainali hizo kwa mara ya kwanza tangu 1998. Katika safari nzima ya kufuzu alifunga mabao tisa.

Januari 22, 2014, Monaco ilikuwa ikicheza Kombe la Ufaransa dhidi ya timu ya madaraja ya chini, Monts d'Or Azergues. Mechi ya kawaida kabisa. Falcao akafunga bao, kisha akaingiliwa na beki ndani ya boksi, akaanguka, akashika goti la kushoto. Ligamenti. Siku tatu baadaye alikuwa mezani kwa upasuaji Ureno. Rais wa Colombia wakati huo, Juan Manuel Santos, alikwenda kumjulia hali. Ndipo mtu anaelewa jinsi goti moja lilivyokuwa limebeba nchi nzima.

Alipambana kuwahi. Kocha José Pékerman alimvumilia hadi dakika za mwisho, akamweka hata kwenye orodha ya awali, lakini Juni ilipofika akaachwa. Colombia ikaenda Brazil ikafika robo fainali, hatua ambayo haikuwahi kuifikia. James Rodríguez akatwaa kiatu cha dhahabu kwa mabao sita. Mfungaji wao bora aliyewavusha hadi huko alibaki kuwa mtazamaji.

Sasa hesabu ya miezi ifanywe vizuri. Upasuaji ni Januari 2014. Usajili wa mkopo kwenda Manchester United ni Septemba 1, 2014. Kati ya meza ya daktari na Old Trafford ni miezi saba na siku chache. Na Ligi Kuu England, kwa nguvu na kasi yake, haijawahi kuwa hospitali ya kupumzishia magoti.

ENGLAND ILIMWONA NANI?

United ya Louis van Gaal ilikuwa inajengwa upya. Ilikuwa na Wayne Rooney na Robin van Persie kwenye nafasi hiyohiyo. Falcao aliingia kikosini, akatoka, akakaa benchi, akaingia dakika za mwisho. Machi 2015 mambo yalifika mahali pa kuhuzunisha: mfungaji wa fainali mbili za Ulaya alipangwa na timu ya vijana chini ya miaka 21. Mabao manne ya ligi, na United haikumnunua.

Uamuzi ule wa United kutomnunua haukuwa wa kijinga. Klabu ilimchukua kwa mkopo, ikaona mwili haujarudi, ikamrudisha. Hivyo ndivyo mkopo unavyotakiwa kufanya kazi. Tatizo lilikuja baada ya hapo, pale dunia ya mashabiki ilipohitimisha kwamba mchezaji mwenyewe amekwisha, au mbaya zaidi, kwamba hakuwahi kuwa lolote.

Chelsea ikaja na José Mourinho akiamini anaweza kumfufua. Mechi 10 za ligi, bao moja, kwenye kipigo cha nyumbani cha 2-1 kutoka kwa Crystal Palace. Majeraha yakamrudia, Mourinho mwenyewe akafukuzwa Desemba. Kijiwe kikafunga faili.

Falcao naye ana sehemu yake ya lawama. Alichagua kwenda England akiwa bado anajitafuta, na mara ya pili akachagua tena palepale badala ya kutafuta sehemu tulivu ya kurudisha mwili. Mshahara mkubwa unanunua vingi, haununui ligamenti mpya. Mawakala na klabu waliokuwa wakilisukuma jina hilo sokoni nao walikuwa wanauza sifa za mwaka 2012 ndani ya mwili wa mwaka 2014.

KUVUNJIKA KWA KOLEO

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 2016 Falcao alirudi Monaco, akiwa na miaka 30, huku wengi wakidhani anakwenda kumalizia mkataba. Kocha Leonardo Jardim alifanya jambo rahisi ambalo England halikufanyika. Alimpa kitambaa cha unahodha, akamzungushia vijana wenye mbio, akina Kylian Mbappé, Bernardo Silva na Thomas Lemar, akamwambia kazi yake ni boksi.

Msimu wa 2016/17 alifunga mabao 30 katika mashindano yote, 21 kati ya hayo kwenye ligi. Monaco ikafunga mabao 107 ya ligi na kutwaa ubingwa wa Ufaransa kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2000, tena mbele ya PSG yenye fedha za Qatar. Ligi ya Mabingwa ikafika nusu fainali.

Usiku mmoja wa Februari 2017 unatosha kueleza kila kitu. Monaco ilikwenda Manchester, mji uleule uliomcheka, safari hii kwa City. Ilipoteza 5-3 na Falcao akakosa penalti. Lakini alifunga mawili, moja kwa kumtupia kipa mpira juu kwa ncha ya mguu, mpira ukamvuka taratibu na kutua wavuni. Mabao yale matatu ya ugenini ndiyo yaliyoivusha Monaco baada ya mechi ya marudiano, jumla ikiwa 6-6.

Msimu uliofuata akaongeza mabao 18 ya ligi, uliofuata 15. Mtu aliyefunga mabao matano katika misimu miwili England alifunga 54 ya ligi katika misimu mitatu Ufaransa. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni goti lililopona, kocha aliyemwelewa na timu iliyojua kumlisha mipira.

Na deni la Brazil likalipwa Russia. Juni 24, 2018, Kazan, akiwa na miaka 32, nahodha Falcao alifunga bao lake la kwanza la Kombe la Dunia katika ushindi wa 3-0 dhidi ya Poland. Alipofunga alikimbia kama mtoto wa miaka 13 wa Boyacá. Colombia ilitolewa na England kwa penalti hatua ya 16 bora, na penalti yake aliingiza.

Januari 2019 baba yake akafariki dunia ghafla. Septemba mwaka huo akaenda Galatasaray, akapokewa uwanja wa ndege Istanbul na umati wa maelfu. Majeraha yalimsumbua, lakini bado alifunga mabao 19 ya ligi kwa misimu miwili. Kisha akatua Rayo Vallecano, klabu ya mtaa wa wafanyakazi Madrid. Oktoba 2021 alifunga bao pekee dhidi ya Barcelona, na usiku huohuo Barcelona ikamfuta kazi kocha Ronald Koeman. Julai 2024, akiwa na miaka 38, akarudi Bogotá kuichezea Millonarios, na kucheza Ligi Kuu ya nchi yake kwa mara ya kwanza. Ndani ya timu ya taifa ameweka mabao 36, zaidi ya Mcolombia mwingine yeyote.

SOMO KWA WA NYUMBANI

Kwa viongozi wa klabu, safari hii ina maswali matatu ambayo yangepaswa kuulizwa kabla ya kusaini straika yeyote. Mwili wake uko vipi leo, bila kujali video za mwaka juzi? Nani kikosini atampa mipira ya aina anayoipenda? Na klabu iko tayari kumsubiri miezi mingapi? Klabu isiyo na majibu inanunua jina, na jina halifungi mabao.

Kwa wachezaji chipukizi wanaoota kwenda nje, waangalie mpangilio wa hatua. Lanceros, River, Porto, Atlético, kila moja ilikuwa kubwa kidogo kuliko ile ya nyuma, na kila moja ilimkuta yuko tayari. Alipoanza kuruka ngazi ndipo alipoteleza. Alipokubali kurudi alikokuwa anaaminiwa, akasimama tena.

Kwa mashabiki, hakuna anayewanyima haki ya kulalamika. Wanalipa viingilio, wanakesha, wanakosana na marafiki kwa ajili ya timu. Klabu nayo haiwezi kumngoja mtu milele kwa huruma. Lakini kusema kwamba fulani hatusaidii msimu huu ni jambo moja, na kumzomea hadi aogope kugusa mpira ni jambo jingine. La kwanza ni haki ya mwenye tiketi. La pili limewamaliza wachezaji ambao walihitaji miezi minne tu ya kupona.

Falcao alikuwa na bahati ya kuwa na klabu ya kurudi, mkataba ulioendelea na kocha aliyemkumbuka. Straika wa Ligi Kuu Bara mwenye goti linalouma hana hata kimoja kati ya hivyo. Akizomewa Jumapili, Jumatatu anaweza kuwa hana kazi. Dirisha lijalo litakapofunguliwa na jina la Falcao likatajwa tena kwa kicheko, anayelitaja aanze na mabao 142 ya miaka minne, amalizie na 54 ya miaka mitatu. Yale matano yatapata nafasi yake katikati.